Sitaolewa kwa Ajili ya Kibali

Nilipoingia sebuleni kwa kina Hylke viti vilikuwa vimeshapangwa duara, na ndugu na majirani kumi na wanne walikuwa wamekaa wima, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa gotini. Nikaanza kuzunguka kutoa mkono. Nilimpongeza Baba Wiebe, baba yake Hylke, kwa kutimiza miaka sitini, nikampongeza dada yake kwa kuwa na kaka, nikawapongeza majirani kwa kuwa na jirani; ndiyo desturi ya huku, kila mtu hupongezwa. Nilipofika kwa mama yake Hylke, alinipa ncha za vidole.

"Hongera ya mumeo, Mama Tjitske."

"Asante. Umechelewa."

"Basi lilichelewa."

"Hylke angekufuata na gari."

"Nilimkataza. Njiani nilikuwa nasoma."

"Kusoma!" Akamgeukia wifi yake, Shangazi Aukje. "Mwaka wa tano huu mtu anasoma tu. Hata ng'ombe akisoma humaliza."

Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka nao. Nilikwenda kukaa kwenye kiti kilichobaki, chini ya saa ya ukutani. Hylke alikuwa upande wa pili wa duara, karibu na dirisha, shati jeupe limembana mabegani. Macho yetu yalikutana. Siku zote akiniangalia hivyo, hata mbele za watu, nahisi kama amenishika mkono. Siku hiyo aliniangalia mara moja tu, kisha akayashusha macho kwenye kahawa yake. Nikajiuliza: huyu ana nini leo?

Mimi ni Tamta, binti wa Kutaisi, kule Georgia. Nilikuja mjini Groningen kusoma sheria nikiwa na miaka ishirini na moja. Mwaka wa kwanza wote uliishia kwenye lugha yao, minne iliyofuata kwenye sheria zao. Jumanne jioni sisi wanafunzi tulikuwa na zamu kwenye kituo cha msaada wa sheria wa bure, na hapo ndipo Hylke alipoingia, miaka miwili iliyopita, mrefu mpaka akainama mlangoni, akilalamikia mtaro wa jirani yake uliokuwa ukirudisha maji kwenye malisho yao. Nilimwandikia barua moja, na jirani akauzibua mtaro wiki ileile. Jumanne iliyofuata Hylke akarudi.

"Mtaro umeziba tena?"

"Hapana. Unapita vizuri."

"Sasa shida iko wapi?"

"Nimekuja kukuambia kwamba unapita vizuri."

Jumanne ya tatu alikuja kuniambia jambo hilohilo, masikio yamemwiva kama nyanya. Nikafunga faili, nikachukua koti langu, tukaenda kutembea kando ya mfereji mpaka miguu ikauma. Tangu siku hiyo sikuwa na Jumanne ya mtu mwingine.

Mwezi wa nne mwaka huu aliniuliza kama nitaolewa naye, nikasema ndiyo. Tulitaka harusi iwe mwezi wa nane. Mama yangu alilia kwenye simu. "Tamta, nilikutuma ukaniletee sheria, si mkwe anayekula mkate na maziwa mchana kweupe!" Lakini alilia akicheka, na wiki ya pili alikuwa ameshaanza kuuliza kipimo cha kidole cha Hylke cha pete. Upande wa Mama Tjitske hakukuwa na kicheko. Kwake Hylke ni mtoto wa pekee, na shamba lile lipo mikononi mwao tangu babu wa babu.

Tulipomaliza kula keki ya pinki, Feike akasimama na kujifuta krimu kwenye masharubu. Feike ni mdogo wake Baba Wiebe, mwanasheria wa hati pale Dokkum. Wosia, mauzo ya mashamba na mikataba ya ndoa ya eneo lile zima hupita mkononi mwake. Alikuwa na jalada la kahawia.

"Tamta, mama, njoo mezani dakika mbili."

"Mimi? Kuna nini?"

"Jambo dogo tu. Mkataba wenu wa ndoa. Hii ni rasimu. Unaweka herufi za jina lako kila ukurasa, wiki ijayo nawasomea rasmi ofisini, tumemaliza."

"Leo, ba'mdogo? Kwenye sikukuu ya Baba?"

"Leo ndiyo wote tupo."

"Weka tu, binti," akasema Shangazi Aukje, "jibini na soseji zinatungoja jikoni."

Nilikwenda mezani. Feike akanifungulia kalamu yake, akaniwekea juu ya karatasi. Niliisogeza pembeni, nikavuta kiti, nikaanza kusoma kuanzia mstari wa kwanza. Ilipita dakika moja, ya pili, ya tano. Nyuma yangu vijiko viliacha kugonga vikombe.

"Unaisoma yote?" Feike akauliza.

"Ndiyo kazi niliyosomea, ba'mdogo."

Kurasa za mwanzo hazikunishtua. Cha kwake chake, cha kwangu changu. Shamba, nyumba na ng'ombe ni vya Hylke na baba yake. Sikuwa na neno. Ningeombwa, ningeiandika sehemu hiyo mwenyewe, na vizuri zaidi. Kifungu cha saba kilisema kazi yoyote nitakayoifanya shambani, miaka mingi au michache, haitanipa dai lolote. Nikafungua ukurasa wa nne, kifungu cha tisa, na hapo damu ikanipanda kichwani. Niliwasomea kwa sauti.

"'Mke mtarajiwa anatamka kwamba hafungi ndoa hii kwa nia ya kupata wala kuongeza kibali cha ukaazi.'"

Pembeni, kwa wino wa buluu, palikuwa na herufi mbili ndogo. H.D. Nilirudi nyuma kurasa zote. H.D., H.D., H.D. Ule mkono niliujua. Ndio uliokuwa ukinibandikia vikaratasi kwenye vitabu vyangu siku za mitihani: umekula? nakupenda, lala mapema.

"Hylke," nikasema. "Hizi ni za kwako?"

Hakuinua uso. "Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Leo. Kabla... Ulisema nisije kukuchukua."

"Usimwangalie yeye," Mama Tjitske akaingilia. Alikuwa ameshasimama, kitambaa cha mezani mkononi. "Niangalie mimi. Kibali chako kinaisha lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Na harusi mnaitaka lini?"

"Mwezi wa nane."

"Haya." Akawageukia waliokaa, akafungua viganja. "Mimi sijasema kitu."

Nilitazama zile nyuso, nyingine zimeinama kwa haya, nyingine zinangoja nilie. Kwa kweli machozi yalikuwa karibu, yamenisimamia hapa kwenye pua. Nikayakatalia. Nikasimama.

"Mama Tjitske, nitakueleza jambo moja la sheria, tena bure, kama nilivyomweleza mwanao habari za mtaro. Wiki tatu kutoka leo natetea tasnifu yangu. Nikipata shahada, nchi hii inanipa mwaka mzima wa kukaa nitafute kazi. Mwaka huo siupewi na Hylke. Siupewi na shamba lako. Naupata kwa kichwa changu hiki. Na kazi yenyewe nimeshaitiwa, ofisi ya mawakili Utrecht, wananingoja mwezi wa kumi. Kwa hiyo sihitaji mume ili nikae hapa. Ninamtaka mume. Hayo ni mambo mawili, na huyu aliyeandika kifungu cha tisa anayajua vizuri kuliko nyote."

Feike akakohoa. "Ni maneno ya kawaida tu, binti yangu, ya tahadhari..."

"Si ya kawaida. Nimesoma mikataba mia ya ndoa, sijayaona. Ungeandika kwamba bwana harusi anatamka haoi ili apate mkamuaji wa bure, ningejua umetutahadharisha wote wawili."

Baba Wiebe alitoa mlio puani, sijui wa kicheko au wa mafua. Mama Tjitske akamkata jicho.

Niliichukua ile kalamu. Nikakichora kifungu cha tisa mstari kutoka kona hadi kona, na pembeni, chini kabisa ya herufi za Hylke, nikaandika kwa herufi kubwa: HAPANA. T.G.

"Nimeweka herufi za jina langu, ba'mdogo. Ndicho ulichoniitia." Nikamgeukia Baba Wiebe, nikampa mkono kwa heshima. "Hongera tena, Baba. Keki ilikuwa tamu."

Nikatoka.

Hylke alinikuta kwenye njia ya kokoto, karibu na banda la ndama. Alikuja mbio, akanishika kiwiko. Nikakivuta.

"Tamta, nisikilize."

"Ongea. Nina miguu inayotembea na masikio yanayosikia."

"Walinikalisha Alhamisi usiku, mama na ba'mdogo. Mama alilia. Unajua mama halii. Nilikuwa nimetoka kuzalisha ng'ombe, nimechoka, nikasema nisaini tu wanyamaze, haina maana yoyote, mimi na wewe tunajua ukweli..."

"Haina maana yoyote?"

"Kwangu."

"Kwako, ndiyo. Si wewe unayesimama foleni ya uhamiaji. Si wewe unayeulizwa na mwenye nyumba, na daktari wa meno, na mwenzako wa darasani: utarudi lini kwenu? Miaka mitano, Hylke, kuna mtu mmoja tu ambaye hajawahi kuniuliza hilo." Sauti ilinivunjika, nikaikaza. "Mtu huyo alikuwa wewe. Halafu umeniuliza kwa maandishi, kurasa sita, mbele ya shangazi yako anayesubiri soseji."

"Sikukuuliza mimi!"

"Uliweka jina lako."

Alisimama, mikono imemlegea. Upepo ulikuwa unampeperushia nywele machoni, na mimi, pamoja na hasira zote, nilitamani kuziondoa. Huo ndio ubaya wa kumpenda mtu. Hasira inachemka huku mkono bado unamtaka.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Mimi ni mwanasheria. Nikikupangia la kufanya, kesho utamwambia mama yako kwamba ulifuata ushauri wa wakili."

"Tamta..."

"Ulichoniuliza mwezi wa nne, nakirudisha. Hakuna harusi mwezi wa nane. Kibali changu kitatoka kwa jina langu, kwa karatasi zangu. Siku kitakapotoka, nitajitazama moyoni nione kama bado nina neno na wewe."

"Na kama huna?"

"Basi utakuwa na mkataba mzuri sana."

Nilimwacha pale. Nilitembea hadi barabara kuu bila kugeuka, na huko nyuma ya mabega yangu nilisikia mlango wa nyumba ukifunguliwa na kubamizwa.

Kituo cha basi pale ni kibao na benchi tu. Basi la Groningen lilibakiza dakika thelathini na tano kufika. Nilikaa nikalia hapo, peke yangu, vizuri, kama mtu anayefua nguo. Nilipomaliza kupenga kamasi nikamwona mtu anakuja kwa baiskeli akipambana na upepo, aproni inamruka. Alikuwa Mama Tjitske. Nikajifuta uso haraka.

Alishuka, akaegemeza baiskeli, akaninyooshea begi langu.

"Umesahau vitabu vyako."

"Asante."

Nilidhani ataondoka. Akakaa kwenye benchi, mbali na mimi kadiri benchi lilivyoruhusu. Magari mawili yakapita.

"Sikupendi," akasema.

"Sijakuomba unipende leo, Mama."

"Utamchukua mwanangu umpeleke Utrecht."

"Hylke ana miaka ishirini na tisa na ana uzito wa kilo tisini. Nitambeba vipi?"

Mdomo wake ulichezacheza, akauzuia. Akaitazama barabara. "Mimi si wa hapa. Hylke amekwambia? Natoka Zeeland, mwisho mwingine wa nchi hii. Nilipokuja kuolewa sikujua hata lugha ya watu wa huku. Mama yake Wiebe alinikalisha meza ileile. Ba'mdogo wa wakati huo alikuwa mwingine, kalamu ilikuwa nyingine. Ilikuwa karatasi ndefu hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Nilisoma mistari miwili, nikaona aibu kuendelea. Watu wote walikuwa wanangoja. Nikasaini."

Nikaliweka begi chini ya benchi.

"Kile kifungu cha kazi," akaendelea, sauti imeshuka. "Cha saba. Kwenye wangu kipo?"

"Siwezi kujua bila kuusoma."

"Nimekamua miaka thelathini na nne. Asubuhi na jioni. Nilikamua siku tatu baada ya kumzaa Hylke."

Nilimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona vizuri: vidole vilivyokunjamana kwenye maungio, ngozi ya mikono imepasuka. Yule mwanamke aliyenidhalilisha saa moja iliyopita alikuwa bado yupo, sikumsamehe. Lakini pembeni yake palikuwa na binti wa Zeeland ambaye hakuna aliyemruhusu asome.

"Mama Tjitske, kwa nini ulitaka nami nisaini?"

Alikunja ncha ya aproni yake. "Kwa sababu nilisaini," akasema. "Na ulipokaa pale ukasoma kurasa zote, na watu wanangoja, na wewe hujali... nilitaka kukupiga kofi. Baadaye nikaona si wewe niliyetaka kumpiga."

"Ulete huo mkataba wako. Jumanne saa moja jioni, kituoni kwetu. Hata mambo yaliyosainiwa zamani yana milango. Huenda upo mmoja, huenda haupo. Nitakwambia ukweli."

"Hata baada ya leo?"

"Hasa baada ya leo. Na usidhani nitakuhurumia. Utakaa kwenye foleni kama wengine."

Hapo akacheka kweli, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau namna ya kucheka, na kabla hajamaliza tukasikia mtu anaita. Hylke alikuwa anakuja kwa miguu katikati ya barabara, bado na shati lake jeupe, miguuni amevaa mabuti ya zizini. Alifika anahema, akamwona mama yake, akasita. Kisha akasimama mbele yetu sote wawili.

"Nimefuta herufi zangu," akasema. "Ukurasa kwa ukurasa, mbele yao wote. Nimemwambia ba'mdogo kwamba mkataba wangu wa ndoa utaandikwa siku mke wangu akiwa amekaa mezani tangu mstari wa kwanza, au hautaandikwa." Akavuta pumzi. "Kama nitakuwa na mke. Hilo sijui. Sijaja kuomba jibu. Nilitaka ulisikie kabla basi halijafika."

"Ba'mdogo wako amesema nini?" mama yake akauliza.

"Amesema nimelogwa. Baba amesema keki imebaki."

Basi lilitokea kwenye kona. Hylke aliniangalia, safari hii bila kuyashusha macho, na mimi nikayapokea. Sikumkumbatia. Nilitaka, Mungu anajua, lakini kuna mambo ambayo kumbatio lingeyafunika kabla hayajapona. Nilinyoosha mkono, nikamwondolea nywele usoni, mara moja tu, nikapanda basi.

Mama Tjitske alikuja Jumanne. Alikaa foleni nyuma ya mwanafunzi aliyegombana na mwenye nyumba wake, mkoba kifuani, na tulikaa na mkataba wake, kifungu cha kazi kikiwemo, hadi walinzi wakazima taa. Tasnifu yangu niliitetea wiki tatu baadaye. Hylke alikaa safu ya nyuma kabisa, hakuniletea maua, hakunisogelea, alipiga makofi kama watu wengine na kuondoka. Kila Jumanne ya kiangazi kile alinitumia ujumbe mmoja wa simu: habari za malisho, ndama aliyezaliwa, mvua. Hakuwahi kuuliza. Mimi nilijibu kila ujumbe, na kila usiku baada ya kujibu nilikaa muda mrefu nimeshika simu.

Kibali kilitoka Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane. Kadi ndogo, picha yangu mbaya, jina langu kamili. Nilitoka nayo ofisi ya uhamiaji moja kwa moja hadi stesheni, nikapanda treni, nikapanda basi, na jioni nilimkuta Hylke uani anaosha matangi ya maziwa, povu hadi viwikoni. Nilimwekea ile kadi mbele ya macho.

"Soma," nikamwambia. "Yote."

Akaisoma. Akasoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma.

"Umeona jina la mume popote?"

"Hapana."

"Vizuri. Sasa mimi, Tamta Gelashvili, ambaye sihitaji chochote kutoka kwako, wala nyumba, wala ng'ombe, wala kibali..."

"Ndiyo!" akasema Hylke.

"Nyamaza. Sijamaliza kuuliza."

Akanyamaza, povu linamdondoka mikononi, machozi yanamtiririka bila aibu mbele ya ng'ombe sitini. Nikamaliza kuuliza, taratibu, neno kwa neno, mpaka mwisho.